Matambara ya Mkushi

Kisima kile hakikuwa na maji. Kilikuwa na tope tupu. Wakamshusha Yeremia kwa kamba, pale pale kwenye uwanja wa walinzi mjini Yerusalemu, tope likampokea, akazama. Hawakumchoma mkuki. Walitaka afe taratibu, gizani, kwa njaa, ili kesho kila mmoja wao aape kwamba mkono wake haukumgusa.

Ndugu msomaji, usikimbilie kisima. Rudi nyuma saa chache, utege sikio. Kabla ya kamba palikuwa na maneno. Wakuu walimwendea mfalme Sedekia wakamshitaki nabii: huyu anawakatisha tamaa askari, huyu hautakii mji wetu mema, huyu afe. Walikwisha kumpa jina la adui kabla hawajamshika mkono. Na mfalme, mtu dhaifu aliyechoka kubishana na wakubwa wenzake, akawajibu kwamba yumo mikononi mwao, yeye hana la kuwafanya. Hakusema zaidi. Neno moja la mkubwa asiyetaka ugomvi, na mtumishi wa Mungu yumo topeni.

Wahenga wetu wamesema maneno makali hayavunji mfupa. Nawaheshimu wahenga, nimelelewa kwa methali zao, bibi yangu hakuniadhibu bila kunipa methali ya kuondoka nayo. Lakini kwa hili nawapinga waziwazi, na nawapinga nikiwa nimeshika Biblia mkono mmoja na historia mkono wa pili. Maneno makali yamevunja mifupa tangu dunia iwe dunia. Wahenga hao hao waliona, ndiyo maana wakatuambia pia kwamba ulimi unauma kuliko meno, na kwamba heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Basi tuwafuate hapo.

Nimepekua historia ya Maandiko na historia ya nchi hizi zetu, na sijaona bado mahali ambapo mkono mkatili ulitangulia. Ulimi hufyeka njia, ndipo mkono hupita. Stefano alishuhudiwa uongo kabla ya kurushiwa jiwe la kwanza. Bwana wetu alivikwa joho la mzaha na taji la miiba, akapigiwa magoti ya kejeli, ndipo misumari ikaletwa. Askari wale walihitaji kucheka kwanza. Kumpigilia misumari mtu unayemheshimu ni kazi ngumu mno. Kumpigilia mtu uliyekwisha kumcheka ni rahisi.

Chukua neno moja la lugha yetu hii tamu. Mshenzi. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji na kurudi, watu wa Pwani walijiita waungwana. Mwenye kanzu safi, mwenye nyumba ya mawe, mwenye kujua kusoma, huyo muungwana. Na yule wa bara? Kwao alikuwa mfua vyuma anayeogopwa na kuheshimiwa. Kwao alikuwa mama wa watoto saba, mwenye ghala, mwenye ukoo unaotajwa hadi babu wa saba. Alipofika ufukweni na mnyororo shingoni hakuwa na ukoo wala jina. Alikuwa mshenzi. Neno hilo moja lilimlaza usingizi mnunuzi, likamlaza muuzaji, likamlaza na mpita njia aliyekuwa akienda zake sokoni kununua samaki. Nani amlilie mshenzi?

Soko la watumwa la Mkunazini pale Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Juu ya uwanja ule likajengwa kanisa kuu la Kianglikana, na wenyeji huwaonyesha wageni mahali pa madhabahu wakisema hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Nimesimama pale. Sikuweza kuomba kwa sauti.

Na sasa sikiliza malipo ya neno lile, ndugu yangu. Wazungu walipofika, walilikuta tayari limechongwa, wakaliokota. Nao hawakuuliza nani muungwana na nani wa bara. Walitutandaza wote chini ya neno moja, mwenye kanzu na asiye na kanzu. Jina tulilowashonea wengine likatuenea wenyewe. Wakati wa Wajerumani adhabu iliyozoeleka ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na kiboko kile kilikuwa kweli ni kiboko, ngozi ya mnyama yule wa mtoni iliyokatwa ukanda na kukaushwa. Mtu mzima, baba wa watoto, alilazwa kifudifudi mbele ya watu wake, na mtu mwingine mweusi akahesabu. Hesabu ile ilianza siku ile walipokubaliana kwamba aliyelazwa ni mshenzi, na kwamba mshenzi haelewi lugha nyingine.

Watu wa kusini walipoamka mwaka 1905 katika vita vya Maji Maji, walikuwa wamekwisha kuchoka kuhesabiwa. Tarehe 27 Februari 1906, Nduna Songea Mbano na wenzake wakanyongwa, wakafukiwa pale ambapo leo tunaweka mashada kila Februari; kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake unakitafuta hadi sasa. Ilichukua hadi tarehe 1 Novemba 2023, miaka 117, ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akasimama Songea na kuomba msamaha. Tunamshukuru kwa kuja. Lakini pigeni hesabu, ndugu zangu: neno la dharau hutamkwa kwa pumzi moja, na neno la kulifuta likakawia zaidi ya karne.

Na leo asubuhi, katika nyumba ya mkristo, mtoto kaangusha kikombe, na neno lile lile lililoosha dhamiri za wenye misafara likamtoka mama au baba kama salamu. Mshenzi wewe! Tumelisahau lilikotoka. Lenyewe halijasahau kazi yake.

Mwaka huo huo wa 1906, Septemba, ng'ambo ya bahari, kijana wa Kimbuti kutoka misitu ya Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani. Maelfu walikuja kumtazama. Walimwona mtu nyuma ya fito za chuma wakacheka, kwa kuwa wasomi walikwisha kuwaandikia kwamba mataifa ya watu ni ngazi na Mbuti yuko kidato cha chini kabisa, jirani na nyani. Wasomi hao hawakushika ufunguo wa nyumba ile. Kalamu zao ziliufungua mlango. Wachungaji weusi wa Kibaptisti walipiga kelele, na mmoja wao, James Gordon, akampokea katika nyumba ya yatima aliyoisimamia Brooklyn. Baadaye Ota Benga akahamia Lynchburg, Virginia. Machi 1916 akajitoa uhai. Walimwondoa ndani ya fito zile. Aliyoyasikia akiwa ndani hakuna aliyeweza kuyaondoa ndani yake.

Nije karibu zaidi. Nije Arusha.

Wengi wetu tumepita mbele ya jengo lile la mikutano ya kimataifa, tukaona bendera, tukaendelea na safari zetu za Kilombero au stendi. Ndani yake, kwa miaka mingi, mahakama ya Umoja wa Mataifa ilisikiliza mashauri ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003, jopo lililoongozwa na Jaji Navanethem Pillay lilitoa hukumu juu ya watu watatu. Ferdinand Nahimana alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Jean-Bosco Barayagwiza alikuwa mwanasheria. Hassan Ngeze alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Kiini cha kesi kilikuwa gazeti na redio. Karatasi na sauti! Wakatiwa hatiani, na hata rufaa ilipopunguza baadhi ya makosa na miaka mwaka 2007, hakuna aliyebaki na kifungo chini ya miaka 30.

Walifanya nini? Redio yao, RTLM, ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Vijana waliipenda. Ilikuwa na muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, wasikilizaji wakipiga simu. Na katikati ya muziki na vicheko, siku baada ya siku, jirani akaitwa inyenzi, yaani mende. Angalieni neno lililochaguliwa. Chui huogopwa, nyoka hukimbiwa, lakini mende hukanyagwa, kisha mtu anaendelea kunywa chai. Walifanya kazi hiyo ya mdomo kwa miezi tisa. Aprili 1994 mapanga yalipotoka, hayakukuta watu wa kukata. Yalikuta mende. Zaidi ya watu laki nane katika siku takriban 100, wengine wakifia ndani ya makanisa walikokimbilia wakidhani damu ya Kristo ingewakinga na waumini wenzao.

Mto Kagera ukaleta maiti hadi Ziwa Viktoria. Wavuvi wa upande wetu wanakumbuka. Kuna watu wa ziwani ambao kwa muda mrefu hawakuweza kuweka sangara mdomoni. Lile lililotoka mdomoni mwa mtangazaji Kigali lilifika hadi kwenye sahani ya mtu ambaye hakuwahi kuisikia redio ile. Mnataka niwaambieni tena kwamba maneno hayavunji mfupa?

Mtasema, Mchungaji, hayo ni ya Rwanda, ni ya Wajerumani, ni ya Marekani. Basi nitasema ya kwangu.

Miaka ya nyuma nilihudumu katika kijiji kimoja cha Usukumani. Kanisa la tofali za kuchoma, bati jipya, mabenchi kumi na mawili kila upande. Benchi la tatu upande wa kina mama alikaa bibi mmoja mjane. Hakukosa Jumapili. Alikuja mapema, akatandika kanga yake, akaketi pembeni kabisa. Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu yeyote aliyelelewa kule anajua kwa nini bibi wa Usukumani ana macho mekundu: miti imekwisha, kuni ni za kutafutwa mbali, na mama hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, katika kijumba kisicho na dirisha, miaka arobaini, miaka hamsini, akiinamia moshi ili watoto na wajukuu wale. Macho yale yalikuwa mekundu kwa kutupikia. Ndiyo yaliyomponza.

Mtoto wa jirani akafa, nadhani kwa malaria. Ng'ombe wakafa wawili. Mtu akaenda kwa mganga. Kisha neno likaanza kutembea kijijini, kisimani, kilabuni, kwenye mashine ya kusaga: yule bibi. Halikusemwa kwa sauti. Lilisemwa kwa kidevu, kwa kumwonyesha kidogo na kunyamaza. Mimi nililiona likiingia kanisani. Kutoka mimbarini mtu huona kila kitu. Jumapili ya kwanza aliyekuwa akikaa karibu naye akasogea. Jumapili ya pili akahamia benchi la nne. Baada ya mwezi bibi alikuwa peke yake kwenye benchi la watu saba, kanisa likiwa limejaa hadi watoto wanakaa sakafuni.

Na mimi nilihubiri. Nilihubiri juu ya upendo, Mungu anisamehe. Nilihubiri juu ya Msamaria mwema huku nikimwona amelala barabarani mbele yangu, kwenye benchi la tatu, na sikushuka. Niliogopa waumini. Niliogopa mwenye mashine, ambaye alikuwa mtoaji mkubwa wa sadaka. Nilijiambia jambo hili litapoa lenyewe. Nilikuwa Sedekia.

Jumapili moja benchi likawa tupu kabisa. Mwanawe alikuwa amekuja usiku kwa baiskeli, akamchukua, kwa sababu alidokezwa kwamba siku imepangwa. Aliacha shamba, akaacha kaburi la mumewe, akaenda kufia katika chumba cha kupanga mjini. Mnamwita aliyenusurika. Kwa panga, ndiyo, alinusurika. Wengi wa rika lake katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza hawakupata mtoto mwenye baiskeli.

Serikali yetu yenyewe ilikwisha kuteleza katika jambo hilo hilo. Mwaka 1976, vifo vya vikongwe vilipozidi kule, vyombo vya dola vikaingia kutafuta wauaji na wachawi. Wakakamata watu kwa mamia, na kwa kuwa waliokamatwa walikwisha kubandikwa jina, wakateswa, na kadhaa wakafia mikononi mwa walioapa kuwalinda. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumgusa mtu. Hakuwa Shinyanga. Mwaka 1977 aliandika barua akajiuzulu, akasema kwa tendo lake kwamba yaliyofanyika chini ya kivuli chake ni yake. Alikuwa Mwislamu mcha Mungu, na mimi mhubiri wa Kristo nasimama hapa kusema kwamba alitenda lililo sawa wakati mimi, mbele ya benchi moja tu la bibi mmoja, nilishindwa.

Mlimani, Bwana Yesu aliikumbusha ile amri ya kutoua. Kila mtu aliyekuwepo alitikisa kichwa. Nani kati yao alikuwa muuaji? Kisha papo hapo, katika mafundisho hayo hayo, akaligusa neno Raka, tusi la Kiaramu la mtaani, la kumwita mwenzio kichwa kitupu, mtu bure. Akaliweka tusi hilo kwenye njia moja na mauaji, na moto wa jehanamu ukitajwa mbele yake. Zamani nilidhani Bwana alitia chumvi ili tushtuke. Baada ya Arusha, baada ya benchi la tatu, sidhani hivyo tena. Alikuwa akieleza tu jinsi mambo yanavyokwenda.

Sasa kuna atakayeuliza, na ni swali la haki: je, tusikemee? Mwizi wa dawa za zahanati tumwite mheshimiwa? Yeremia mwenyewe hakuwa na maneno makali? Alikuwa nayo, ndugu yangu, makali kama wembe. Nathani naye aliingia ikulu, akamsimulia Daudi habari ya maskini aliyenyang'anywa kondoo wake mmoja, kisha akamgeuzia mfalme kidole usoni. Tazameni basi walikokielekeza. Nathani alimkemea mwenye jeshi, yeye akiwa na fimbo ya kutembelea. Sisi ukali wetu tunamwelekezea nani? Dada wa kazi aliyetoka Singida na mfuko mmoja wa nguo. Konda. Mtoto wa darasa la tatu. Mke asiyezaa. Mbele ya mkubwa ulimi wetu ni asali, nyumbani ni pilipili.

Na jambo la pili, ambalo wengi hulisahau. Mji ulipoanguka, Wababeli walimwachia Yeremia achague: aende nao Babeli akatunzwe vizuri, au abaki. Watu aliowakemea miaka yote sasa walikuwa mabaki ya maskini katika nchi iliyoungua. Akabaki nao. Hapo ndipo ninapoupima ukali wa mtu siku hizi. Wewe unayemwambia mwenzio maneno ya moto na kusema ni kwa faida yake, je, nyumba yake ikiungua utakaa naye kwenye majivu? Kama jibu ni hapana, nyamaza. Huna ujumbe kutoka kwa Mungu.

Tuseme ya sasa hivi, mambo ya wiki hii. Mtu anapiga ukelele mmoja sokoni, mwizi! Hakuna anayeuliza kaiba nini, kwa nani. Kabla polisi hawajafika, tairi limekwisha kuletwa. Na kesho magazeti yataandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi wenye hasira kali! Tumepata hadi msemo uliopigwa pasi wa kufunikia maiti, msemo usio na jina la mtu hata mmoja, kama wale wakuu wa Yerusalemu walioliachia tope lifanye kazi.

Watu wenye ualbino wanapita barabarani, na vijana wa kijiweni wanasema, dili hilo linapita. Wanacheka. Wataapa kwamba ni utani. Lakini mtu aliyeitwa dili amekwisha kuwekewa bei. Mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa kwao, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana umekatwa viungo. Nani alimuua? Mahakama zina kazi yake. Mimi nawauliza nyinyi mliocheka kijiweni.

Na simu zetu. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kwaya, ya wazazi wa shule. Binti kapata mimba, picha yake inazunguka kabla jua halijazama, na chini yake vikatuni vinavyocheka. Nimewaona wazee wa kanisa wakituma. Hata mimbari, ndugu zangu wahubiri, hata mimbari hii! Tumewaita wagonjwa wenye dhambi iliyojificha, tumewaita wajane wenye mkosi, tumewachekesha watu kwa kumwiga mwenye kigugumizi. Watu wakapiga makofi nasi tukadhani Roho ameshuka.

Tubuni. Na mimi natubu pamoja nanyi, kwa maandishi, ili nisiweze kukana.

Kisha turudi kisimani, kwa maana Yeremia hakufia mle. Alikuwepo mtu mmoja katika nyumba ya mfalme, Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa kwetu, Mwafrika mweusi kutoka nchi za juu za Nile, towashi, mtumishi. Kama kuna mtu aliyejua majina ya dharau pale ikulu ni yeye. Alisikia Yeremia yumo topeni. Hakusubiri jambo lipoe lenyewe. Mfalme alikuwa ameketi langoni pa Benyamini, mbele ya watu, na Mkushi yule akamwendea pale pale akasema wazi kwamba watu hawa wametenda vibaya. Mtumishi, mgeni, dhidi ya wakuu wote. Mfalme akageuka. Akamwambia achukue watu thelathini.

Thelathini na kamba zilitosha. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kisimani, amvute nabii, apate sifa. Ebedmeleki alipitia kwanza ghalani, chini ya hazina. Akatafuta matambara, nguo kuukuu zilizochakaa. Akamteremshia Yeremia na kumwambia ayaweke kwapani, chini ya kamba, asije akachubuka wakati wa kuvutwa. Nimesoma Biblia miaka mingi na kila nikifika hapo nasimama. Mji umezingirwa, mkate umekwisha, adui yuko ukutani, na mtu huyu anafikiria makwapa ya mzee aliyekonda. Alijua kwamba hata wema unaweza kufanywa kwa ukali. Mwaweza kumwokoa mtu huku mkimchuna ngozi, mkimwambia angalia tulivyokuokoa, mjinga wewe, nani alikutuma?

Mungu aliyaona matambara yale. Kabla Yerusalemu haujaanguka, alimtuma Yeremia na ujumbe wa mtu mmoja tu, Ebedmeleki: siku ile mji utakapotekwa, wewe hutatiwa mikononi mwa watu unaowaogopa, nafsi yako itapona. Wakuu walianguka. Sedekia alitobolewa macho akapelekwa Babeli kwa minyororo. Mkushi akapona.

Mama, kuna binti kwenye nyumba yako ambaye tangu aje hajaitwa kwa jina lake. Mwite leo. Mwalimu, kuna mtoto nyuma ya darasa uliyempachika jina na wenzake wakalishika. Lifute mbele ya hao hao uliolisema mbele yao. Kijana, kundi la simu litakapoanza kumchuna mtu usiku wa leo, andika maneno manne tu, jamani, huyu ni mwenzetu, hata kama watakutoa kwenye kundi. Mzee wa kanisa, mchungaji mwenzangu, inua macho uhesabu mabenchi yako.

Bibi yule wa benchi la tatu amekwisha kufa, na deni langu kwake nitalijibu mbele ya Bwana. Wa kwenu yupo hai. Unamjua. Umeshaona watu wakisogea. Jumapili hii, ukiingia, usitafute nafasi yako ya siku zote. Mtafute yeye kwa macho, nenda ukae ubavuni pake, kanga kwa kanga, na umsalimie kwa sauti ambayo benchi la nne watasikia.